Utupa: jinsi ya kuutambua na kuuotesha (nipo huku Chanika, Dar)

Aisee wakuu, toka nioteshe utupa wangu kwenye kona ya shamba huku Chanika kila anayepita ananiuliza, wengine wanasema mbaazi pori, kuna mmoja aliyekuja kupalilia aling'oa miche minne akijua ni magugu, nikabaki namwangalia tu. Utupa ni jamii ya mikunde, kichaka kinachofika mita 1 mpaka 4 na kinakaa zaidi ya msimu mmoja, wataalamu wanauita Tephrosia vogelii, na majani yake yana sumu inayoua wadudu, ndo maana naupanda.

Hatua ya 1: hakikisha ni wenyewe

Anza na jani. Kikonyo kimoja kina majani madogo madogo mengi yamepangana mawili mawili, halafu kwenye ncha linabaki moja peke yake. Mbaazi ni matatu tu, hiyo umeshaitoa. Marejea nayo watu wanaichanganya lakini maua yake njano na ganda lake limevimba, likikauka ukitikisa linalia kama kayamba. Utupa maua yake meupe au zambarau na ganda ni bapa, refu kuzidi kidole, lina manyoya ya kahawia laini ukipapasa kama mgongo wa paka.

Sasa jaribio ninalolipenda: shika jani moja dogo kwenye ncha uvute taratibu mpaka likatike. Halichaniki hovyo, linakatika umbo la V kwa sababu mishipa yake imelala sambamba. Ila ndugu zake wadogo wanaoota kwenye mchanga huku pwani nao wanakatika hivyo hivyo, tofauti wao ni wafupi na maganda yao madogo membamba, kwa hiyo usikimbilie kushangilia.

Hatua ya 2: mbegu

Tafuta kwa mtu ambaye ameshautumia ukafanya kazi, kwa sababu kuna utupa mwingine kwa macho ni ule ule ila hauna ile sumu inayoua wadudu. Gamba la mbegu ni gumu, mi mara ya kwanza nilifukia kavu kavu 30 zikaota 4! Sa hivi nazisugua kidogo na msasa halafu nazilaza kwenye maji usiku mmoja, asubuhi zilizovimba ndo napanda, zilizogoma zinarudi kwenye msasa.

Hatua ya 3: kupanda

Subiri mvua zishike, vuli au masika, weka mbegu mbili kila shimo, kina cha sentimita 2 hivi, shimo hadi shimo mita moja. Maji yakituama panaoza, kwa hiyo bondeni achana napo. Mbolea usihangaike, unajitengenezea naitrojeni kwenye vinundu vya mizizi, ng'oa mche mmoja upasue kinundu kwa kucha, ndani kikiwa na rangi ya pinki ujue kinapiga kazi. Ila nyanya usije ukapanda hapo baadaye, utupa unahifadhi minyoo fundo, vile vijidudu vya udongoni vinavyovimbisha mizizi ya nyanya.

Kuvuna majani chuma matawi ya pembeni tu, ukifyeka chini kabisa mara nyingi haurudi.

Hatua ya 4: hapa soma mara mbili

Mi natwanga majani mabichi, naloweka usiku, nachuja, napulizia wadudu mafuta jioni maana jua linaiua ile dawa haraka. Vaa glavu na uzibe pua. Na maji ya kuoshea ndoo usimwage mtaroni! Mi nilimwaga, mtaro ule unaishia kwenye bwawa la mzee jirani, asubuhi perege wamegeuza matumbo juu. Akanigongea geti ameshika mmoja mkononi, "mwanangu, umewapa nini samaki wangu?" Nilimlipa bana, na aibu juu. Kwa hiyo kama unawaza kwenda nao mtoni kuvulia, sahau, Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza uvuvi wa sumu.

Hatua ya 5: mbegu za msimu ujao

Ganda likishakuwa kahawia lichume asubuhi na mapema kabla jua halijakolea, ukichelewa linapasuka lenyewe linajisokota na mbegu zinaruka huko. Mi nayafunga kwenye mfuko wa sandarusi nauning'iniza kibarazani, mchana unasikia ta, ta, ta, yanapasukia humo humo.