Mbwa anajikuna, mtoto ana vipele: uanzie wapi

Nyumba yenye mbwa anayejikuna na mtoto mchanga mwenye vipele ina kesi mbili, lakini kila anayeingia mlangoni anataka kuzitolea hukumu moja. Kwetu hukumu ilikuja mapema: mbwa atafutiwe pa kwenda. Mama mkwe ndiye aliyeitamka, na hofu yake niliielewa. Nilimwomba tu atupe nafasi, maana mbwa kuwashwa hakuthibitishi kwamba mtoto ana aleji ya mbwa. Mbwa mwenye ngozi safi kabisa anaweza kumletea mtu aleji, na mbwa aliyejaa mapele anaweza kuishi na mtoto asiyedhurika na lolote.

Basi nikazitenganisha. Wadudu kwanza, kwa sababu hao ndio huvuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Baada ya hapo ngozi ya Bosi, mbwa wetu, ikawa kazi ya daktari wa mifugo, na mashavu ya binti yetu yakawa kazi ya daktari wa watoto.

Tafuta kinachoweza kuvuka

Matatizo mengi ya ngozi ya mbwa hayamgusi binadamu. Matatu yanayomgusa mara nyingi ni haya: viroboto, upele wa mbwa na mashilingi.

Kwa viroboto, usisubiri kuwaona wakiruka. Mbwa mwenye aleji ya mate ya kiroboto hujilamba na kujitafuna mpaka anawameza, kwa hiyo unaweza kumpekua na usikute hata mmoja, ilhali kuumwa mara chache tu kunatosha kumwasha kwa siku kadhaa. Chukua chanuo lenye meno ya karibukaribu, mchane mgongoni kuelekea mkia, kisha kung'utia uchafu kwenye pamba au karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Chembe nyeusi zikitoa rangi nyekundu ya kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mbwa wako iliyokwisha kusagwa. Zikibaki nyeusi, ni mchanga. Bosi alikuwa amenyonyoka manyoya juu kidogo ya mkia na kwenye mapaja ya nyuma, na hapo ndipo viroboto huacha alama zao. Pamba ikatoa wekundu.

Upele wa mbwa huletwa na utitiri unaochimba ndani ya ngozi. Mwasho wake ni mkali mno, mbwa halali. Angalia kingo za masikio, viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma na tumbo. Kuna jaribio dogo ambalo daktari wa mifugo hulifanya: anasugua ncha ya sikio kwa vidole, na mguu wa nyuma unaanza kujikuna wenyewe hewani. Jaribio hilo halithibitishi, ila linatia shaka ya kutosha. Watu wa nyumbani nao huota vipele vinavyowasha mahali walipomkumbatia, kama mikononi na tumboni. Utitiri wa mbwa hauwezi kuzaliana na kudumu kwenye ngozi ya mtu, hivyo kwa kawaida vipele hivyo hukoma mbwa akishatibiwa. Daktari akikwangua ngozi asione kitu, bado anaweza kuamua kutibu, kwa sababu utitiri huu ni hodari wa kujificha.

Mashilingi ni fangasi. Hunyonyoa manyoya kwa viraka vya duara, mara nyingi bila mwasho mkubwa, na kwa mtoto hutokea kama pete nyekundu yenye magamba ukingoni. Hapa wote wawili watibiwe, kila mmoja kwa dawa yake.

Viroboto hawaishi kwa mbwa tu

Hili watu hawaliamini mpaka limewachosha. Viroboto unaowaona kwenye manyoya ni sehemu ndogo ya jeshi. Mayai hayashiki kwenye manyoya, yanadondoka popote mbwa anapolala, na mabuu yanajificha ndani ya zulia, kwenye nyufa za sakafu, chini ya mito ya makochi. Kisha hujifunga ndani ya kifukofuko ambacho dawa haipenyi kwa urahisi, na humo kiroboto anaweza kungoja kwa miezi. Ndiyo maana unampaka mbwa dawa leo, na baada ya wiki mbili viroboto wapya wanaibuka, nawe unadhani dawa ni feki.

Dawa iendelee bila kuruka tarehe kwa walau miezi mitatu, kwa wanyama wote wa nyumba hiyo kwa wakati mmoja. Pima uzito wa mbwa kabla, kwa kuwa kipimo hufuata kilo. Kama una paka, soma lebo mara mbili: dawa za mbwa zenye permetrini zinaweza kumuua paka, hata kwa kulalia tu mbwa aliyepakwa muda si mrefu. Matandiko ya mbwa yafuliwe kwa maji ya nyuzi 60 kila wiki. Fyonza vumbi kila mahali anapolala, kisha mfuko wa kifyonza vumbi utolewe nje ya nyumba mara moja, usikae humo ndani ukiangua.

Mtoto naye anabadilisha uchaguzi wa dawa. Mwambie daktari wa mifugo kwamba kuna mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni. Dawa ya matone ya mgongoni ni nzuri, lakini mbwa hapaswi kushikwashikwa na mtoto mpaka ikauke kabisa, na sisi tulikuwa tunampaka Bosi usiku, mtoto akiwa amelala chumba kingine. Ukosi wa dawa shingoni ni kitu ambacho mtoto anaweza kukishika na kukinyonya. Kwa sababu hiyo daktari alitupendekezea kidonge cha kutafuna.

Viroboto wakiondoka na mwasho ukabaki

Bosi alipata nafuu mgongoni, lakini aliendelea kulamba nyayo. Manyoya kati ya vidole yakageuka rangi ya kahawia kwa sababu ya mate, masikio yakawa mekundu, na tumboni akaota vijipele. Nyayo, masikio, makwapa, kinena na uso ndiyo ramani ya mbwa mwenye aleji ya vitu vya mazingira kama vumbi, chavua na ukungu. Mara nyingi huanza akiwa kati ya miezi 6 na miaka 3. Aleji ya chakula inaweza kuchora ramani hiyohiyo, na hapo ndipo mvutano wa nyumbani huanza: mume wangu alisema ni chakula, mimi nikasema ni vumbi. Kwa macho hakuna ajuaye.

Kabla ya kubishana juu ya chanzo, ngozi iangaliwe kama imevamiwa na bakteria au hamira, yaani aina ya fangasi. Vipele vyenye usaha na viduara vyenye ukingo wa magamba huelekeza kwenye bakteria. Ngozi yenye mafuta na harufu kama ya kitu kilichochacha huelekeza kwenye hamira. Daktari anabandika sampuli kwenye kioo na kuitazama kwa hadubini palepale. Uvamizi huu peke yake unawasha, na usipotibiwa, kila dawa nyingine itaonekana haifanyi kazi.

Chakula hupimwa kwa njia moja ya kuaminika: mbwa ale chakula chenye protini ambayo hajawahi kuila, au kile kilichotengenezwa kwa protini iliyovunjwavunjwa, kwa takriban wiki 8, bila kitu kingine chochote. Baadaye unarudisha chakula cha zamani uone kama mwasho unarudi. Vipimo vya damu, mate au manyoya vinavyouzwa kwa ajili ya aleji ya chakula ya mbwa havitegemeki. Vyakula vinavyosumbua zaidi ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano.

Sasa jaribu kuifanya hiyo kwenye nyumba yenye mtoto anayeanza kula! Mbwa yeyote mwenye akili huweka kambi chini ya kiti cha mtoto. Kijiko kimoja cha uji kikidondoka, jaribio limechafuka. Bosi alifungiwa nje ya chumba kila mtoto alipokula, sakafu ikafutwa, mtoto akanawishwa mikono na kidevu, ndipo mlango ukafunguliwa. Dawa za minyoo zenye ladha ya nyama nazo huhesabiwa kama chakula, kwa hiyo uliza kabla ya kumpa.

Ikithibitika kwamba ni aleji ya mazingira, mbwa haponi moja kwa moja, anatunzwa. Zipo dawa za kuzuia mwasho, vidonge na sindano, na daktari atachagua. Prednisoloni hufanya kazi haraka, ila humfanya mbwa anywe maji na kukojoa mno, na haifai kuwa suluhisho la miezi na miezi.

Kuogesha, na kabati ambalo hupaswi kulifungua

Shampuu ya dawa, kwa mfano yenye klorheksidini (kiua vijidudu), haina maana ukiipaka na kuisuuza papo hapo. Ikae kwenye ngozi dakika 10, na uangalie saa, kwa sababu dakika 10 ukiwa umeshika mbwa aliyelowa ni ndefu kuliko unavyodhani. Maji yawe ya uvuguvugu au baridi, yasiwe ya moto. Kati ya vidole pakaushwe vizuri. Akitoka matembezini, nyayo zifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Kabati la dawa za mtoto liache. Krimu ya vipele vya nepi mara nyingi ina zinki oksidi, ambayo mbwa akiilamba inaweza kumdhuru, na mbwa atailamba. Parasetamoli na ibuprofeni za mtoto ni hatari kwake. Dawa za mafua zilizochanganywa na kiondoa msongamano wa pua pia ni hatari. Shampuu ya mtoto haikutengenezwa kwa ngozi ya mbwa, ambayo asidi yake ni ndogo kuliko ya ngozi yetu. Mafuta ya mti wa chai, yanayosifiwa sana, yana sumu kwa mbwa.

Mtoto na mashavu yake

Daktari wa watoto alimwangalia binti yetu, akauliza kuhusu ukoo kabla ya kuuliza kuhusu mbwa. Mume wangu ana pumu. Mashavu mekundu yanayotoa maji na kukauka, vipele kwenye mikono na miguu, na eneo la nepi likiwa salama: hiyo ni sura ya kawaida ya ukurutu, ambao wengine huuita pumu ya ngozi, na kwa watoto wengi huanza kabla ya miezi 6. Chanzo chake kikubwa ni ngozi isiyoshika unyevu vizuri. Matibabu yalianza na losheni nzito isiyo na manukato, ya kupakwa mara nyingi kwa siku, hasa mara tu baada ya kuoga, pamoja na krimu ya steroidi hafifu kwa muda alioutaja daktari. Mbwa alikuwa bado yupo sebuleni mashavu yalipotulia.

Aleji ya mbwa yenyewe huonekana zaidi kwa kupiga chafya, pua na macho kuwasha, kukohoa na kukoroma kifuani, au mabaka yanayovimba mahali mbwa alipomlamba. Kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja, aleji ya chakula hutokea zaidi kuliko hii. Andika tarehe, saa, alichokula, alichoshika na dalili; daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbuka. Kipimo cha ngozi au cha damu kikitoka chanya bila dalili, maana yake ni kwamba mwili unakitambua kizio, yaani kitu kinachochochea aleji, na hiyo peke yake si sababu ya kumwondoa mbwa. Midomo au ulimi kuvimba, kupumua kwa shida, kutapika mfululizo baada ya kula, au kulegea: hayo si ya daftari, mkimbize hospitali.

Habari nyingine iliyomtuliza mama mkwe: utafiti mkubwa wa Uswidi uliochapishwa 2015, uliotumia kumbukumbu za watoto zaidi ya 600,000, ulikuta waliokuwa na mbwa nyumbani katika mwaka wao wa kwanza walikuwa na uwezekano mdogo wa kuwa na pumu walipofika miaka 6, pungufu kwa takriban 13%. Utafiti huo hausemi ununue mbwa kama dawa.

Wakati mnasubiri majibu

Chumba anacholala mtoto kisiingiwe na mbwa kamwe. Mikono ioshwe baada ya kumshika mbwa. Na kwa hali yoyote, usiwaache wawili hao peke yao. Mbwa anayewashwa ana maumivu, hajalala vizuri, na mtoto hushika palepale panapouma. Mbwa mpole kabisa anaweza kung'ata siku hiyo.

Daktari akithibitisha aleji ya mbwa kwa dalili na kipimo, bado kuna ngazi za kupanda. Kuogesha mbwa mara mbili kwa wiki hupunguza vizio, lakini hurudi baada ya siku chache, na mbwa mwenye ngozi mbovu anahitaji shampuu atakayoikubali daktari wake. Mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA (kinachonasa chembe ndogo sana) chumbani, zulia kuondolewa, mapazia ya kufulika. Usishawishike kubadilisha Bosi wako kwa mbwa wa aina inayodaiwa kuwa haina aleji, kwa kuwa vizio vimo kwenye mate na mba ya mbwa wote. Na mkiamua kumpima mtoto kwa kumtenga na mbwa, msimpeleke mbwa kwa jirani wikiendi moja na kutarajia jibu: vizio vyake hubaki kwenye makochi na mazulia kwa miezi. Bora mtoto ndiye akalale kwa muda kwenye nyumba isiyowahi kuwa na mbwa, akiwa na nguo zilizofuliwa upya, huku losheni na dawa zake zikiendelea vilevile.