Ekstensheni imeingia mara mbili kwenye Ubuntu? Fanya hivi

Skizeni wenzangu wa Unguja na Pemba, hili linawakuta wengi wakihama Ubuntu (mfumo wa kompyuta) 22.04 kwenda 24.04, unamaliza kuapgredi, unawasha mashine, ekstensheni uliyoizoea (kijiprogramu cha kuongezea kazi kwenye GNOME, ile sura ya skrini ya Ubuntu) imekufa na apt, chombo cha Ubuntu cha kuweka programu, inakwambia paketi ipo tena mpya. Mara nyingi hapo una kopi mbili. Moja imeletwa na apt, iko /usr/share/gnome-shell/extensions, nyengine uliishusha mwenyewe zamani kwa brauza ikakaa ~/.local/share/gnome-shell/extensions, na zikiwa na jina moja GNOME huchukua ile ya kwenye home yako, ya apt inakaa tu bure. Sasa 22.04 ilikuwa GNOME 42, 24.04 ni GNOME 46, na katikati hapo GNOME 45 ya 2023 ilibadilisha namna ekstensheni zinavyoandikwa, basi kopi yako ya zamani haiwaki ng'o.

Usitegemee gnome-extensions list, hiyo inakuonesha ile iliyoshika tu. Fungua terminal uangalie folda zenyewe:

ls ~/.local/share/gnome-shell/extensions
ls /usr/share/gnome-shell/extensions

Jina lililotokea kote kuwili ndo mchawi wako. Ukitaka uhakika fungua metadata.json ndani ya kopi ya home usome shell-version, yaani matoleo ya GNOME inayoyakubali, kama 46 haimo basi kopi hiyo haifai.

Mie siifuti, naihamisha, ikienda kombo nairudisha bila kula bando:

mv ~/.local/share/gnome-shell/extensions/JINA ~/

(JINA weka lile uliloliona.) Toka kwenye akaunti uingie tena, ya apt itashika.

Kuna wanaopenda kopi ya home kwa sababu hupata matoleo mapya mapema, sawa, ila hapo kuiangalia ni juu yako, na inamfaa mwenye akaunti hiyo peke yake. Mashine ya watu wengi, mfano za skuli kule Wete au Chake, weka ya apt tu, unaishusha mara moja akaunti zote zinaipata.

Dock, ule mstari wa aikoni za programu, ndo kesi nyengine. Ubuntu Dock imetokana na Dash to Dock lakini majina mbalimbali, kwa hiyo kwenye ls hutaona pacha, na zote mbili zinafanya kazi moja. Ukiamua kubaki na Dash to Dock, ya Ubuntu usiing'oe, izime tu:

gnome-extensions disable ubuntu-dock@ubuntu.com