Pikipiki ya theluji ikibugia mafuta, anzia nyuma

Usikimbilie kufungua kabureta. Zima injini, inua sehemu ya nyuma uiweke juu ya stendi, kisha zungusha kwa mkono mkanda mpana wa raba unaoisukuma kwenye theluji. Ukizunguka kwa uzito, umeshapata pa kuanzia: mkanda umekazwa kupita kiasi, beringi zimekufa, barafu imeganda ndani, au breki haiachii. Ili kujua kama ni breki, endesha kidogo bila kuifunga sana, halafu sogeza kiganja karibu na diski (usiiguse!). Ikitoa joto kali, mwizi wa mafuta ni huyo.

Kisha fungua kifuniko cha klachi. Humo kuna mkanda mwingine, unaopeleka nguvu ya injini kwenye ule wa nyuma. Vumbi jeusi la raba, na mkanda huo kung'aa ubavuni, maana yake unateleza: injini inalia, mwendo hauongezeki.

Plagi iache mwisho. Ikiwa na masizi meusi yenye unyevu, mafuta yamezidi hewa. Ikiwa nyeupe, mafuta ni pungufu, na hilo kwangu ndilo la kuogopwa zaidi kwa sababu pistoni inaweza kuyeyuka.

Ila kama ulipita kwenye theluji mbichi ya kufika magotini, tulia. Humo hata mashine isiyo na hitilafu hunywa mafuta.