SOMO: Sehemu za kupiga picha Watamu, Mida na Malindi, pwani ya Kenya (soma yote kabla hujaniuliza)

Wakuu salama. Kila wiki naulizwa "nakuja Pwani nikapige picha wapi" na kila wiki naandika yaleyale, kwa hiyo leo naweka hapa mara moja. Sehemu si shida. Ufukwe mmoja saa kumi na mbili asubuhi na uleule saa sita mchana ni vitu viwili tofauti kabisa.

1. Jua. Bahari yetu inatazama mashariki, linachomoza majini linazama bara. Ukitaka magharibi juu ya maji nenda ndani ya hori, Mida au Kilifi.

2. Msimu. Disemba mpaka Machi, kaskazi, maji yanakuwa safi. Kusi ikianza kuna upepo na mwani mwingi. Mvua ikinyesha sana huko juu mto Sabaki unashuka na tope na bahari ya Malindi inageuka rangi ya udongo, usilaumu kamera.

3. MAJI KUPWA NA KUJAA. Hapa naomba utulie. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na mwezi kumi na nne (mpevu), maji yanatoka mbali sana, huku kwetu yanapwa kabisa kama saa nne saa tano asubuhi na kujaa kama saa kumi. Kila siku yanasogea mbele kama dakika 50. Mimi nilijua haya yote na bado nilitembea Watamu mpaka kwenye mwamba wa mbali, nikainama kwenye vidimbwi napiga picha za kaa na viti vya pweza (samaki nyota), nilipoinua kichwa mwamba mkavu, mbele kukavu, lakini NYUMA yangu kati ya mimi na ufukwe mkondo ulishajaa kifuani. Maji hayaji kutoka mbele kama unavyofikiria, yanaingia kwanza sehemu za chini ambazo ulizipita bila kuziona. Nilivuka na begi kichwani nikateleza, lenzi mbili zikafa, na nilivuka kwa sababu tu kijana mmoja mvuvi alinishika mkono. Kwa hiyo: angalia jedwali la maji la siku hiyo, geuka maji yakiwa BADO yanapwa, na kumbuka saa ya tatu na ya nne ya kujaa ndiyo yanakimbia zaidi. Ukiona wachokozi wa pweza, yaani wanaowavua kwenye mwamba, wanarudi, rudi nao. Usimalizie picha.

4. Mida kwa picha za ndege: nenda masaa mawili kabla maji hayajajaa, yanawasogeza karibu na daraja la mbao. Siku mbili tatu baada ya mwezi kumi na nne yanajaa kwenye saa kumi na mbili jioni, mwanga unakuwa mtamu.

5. Marafa, wenyewe wanaita Nyari: fika saa kumi jioni, korongo linawaka rangi. Magofu ya Gede: asubuhi geti likifunguliwa.

MASWALI

Mtalii_Bara: Mkuu naenda Watamu Jumamosi saa ngapi nzuri?

Namba 3 na jedwali la maji.

Mtalii_Bara: sina muda wa kusoma yote nipe tu saa

Sikupi. Nikikupa saa ya kubahatisha ukanaswa huko nje itakuwa juu yangu.

Juma_angani: Droni naruhusiwa?

Kenya droni ina kibali chake cha mamlaka ya anga, na Watamu na Malindi baharini ni hifadhi tangu 1968, hapo unaomba na KWS (shirika la wanyamapori). Usirushe kienyeji.

Bi_Kilifi: Kaka asante sana. Wale ndege weupe na weusi wenye mdomo mnene wanaokula kaa, niliwaona Mida mwezi wa pili, Julai sikuona hata mmoja. Nilikosea sehemu?

Dada hukukosea. Hao wanazaliana huko pande za Oman na Ghuba, wanachimba mashimo kwenye mchanga wanataga ndani, halafu kaskazi ndiyo wengi wanakuwa huku. Rudi Januari, kaa chini kwenye daraja usisimame, watakusogelea wenyewe.

Bi_Kilifi: Na yule bundi mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke?

Chukua mwongozaji wa msituni, alfajiri, upande wa udongo mwekundu. Mchana wanalala wawili wawili matawi ya chini. Mti wenyewe siandiki hapa maana watu wanakata matawi wapate picha safi. Flashi zima.

Baharia_Lamu: Naongeza, ukitoka chumba cha AC lenzi inafanya ukungu. Acha kamera ndani ya begi nusu saa nje kabla hujafungua.

Kweli kabisa, na miguu ya tripodi ikigusa bahari ioshe kwa maji ya mfereji usiku huohuo, ukingoja kesho skrubu zinaganda.