Kuiandaa mashua ya tanga kwa mbio za bahari kuu, na kuifikisha nzima

Kabla hujampigia simu mwenye lori, ipeleke mashua baharini. Wengi huanza kwa kuifungua na kuisafirisha, kisha wanakutana na kasoro zake siku mbili tatu kabla ya mbio, kwenye bandari ambayo hawamjui fundi hata mmoja. Chagua siku ya upepo mkali na ulale nayo baharini usiku mmoja. Tweka tanga la dhoruba hata kama upepo haujafikia hapo. Punguza tanga kuu gizani, kwa mabaharia walewale utakaoshindana nao. Kila kinachovuja, kinachogonga au kinachokwaruza kiandike daftarini. Orodha ya kazi itoke humo, si kichwani.

Kazi yangu ni kuandaa mashua za mashindano, na pahali ninapokaa muda mrefu kuliko pengine pote ni mkuku, yaani pezi zito lililo chini ya mashua linaloizuia isipinduke. Mei 2014, mashua ya futi 40 iitwayo Cheeki Rafiki ilipoteza mkuku wake katikati ya Atlantiki ikirudi Uingereza, na mabaharia wake wote wanne wakapotea. Uchunguzi wa Uingereza ulieleza kwamba huenda mashua ilikuwa imegonga chini huko nyuma, na matengenezo yaliyofuata, vikadhoofisha sehemu inayoushika mkuku. Kwa hiyo ukinunua au kukodi mashua, swali la kwanza ni hili: imewahi kugonga chini, na nani aliitengeneza?

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mitambo. Mashua ikiwa imening'inia kwenye mikanda ya kreni, tazama mstari ambapo mkuku unakutana na kiwiliwili. Mwambie mwendesha kreni aishushe polepole mpaka mkuku uguse chini, na wewe usiondoe macho kwenye mstari huo. Ukifunguka na kujifunga, kazi isimame hapo mpaka mtaalamu aje. Ndani, kausha kabisa ngama, yaani sehemu ya chini ambako maji hukusanyika, kisha mulika tochi kuzunguka kila nati inayoushika mkuku: michirizi ya kutu ni dalili ya maji yanayopita. Gonga mbavu za sakafu kwa nyundo ya plastiki. Palipo pazima hulia kavu na kwa ukali. Palipoachana na kiwiliwili sauti hufa. Kukaza nati hizo ni kwa spana ya kupimia nguvu tu, kwa kipimo cha mtengenezaji.

Mlingoti nao unataka subira. Kabla ya kuung'oa, pima nyuzi za skrubu zinazoonekana kwenye kila kikazio cha waya, uandike, upige picha, kisha uzungushe tepu isisogee. Ning'iniza uzito kwenye henza (kamba ya kupandishia) ya tanga kuu upime mlingoti umelala nyuma kiasi gani. Vipimo hivyo vitakuokolea siku nzima huko uendako. Mlingoti ukishalazwa juu ya vigoda, pitisha pamba kwenye kila waya, hasa pale unapoingia kwenye kichwa chake cha chuma. Uzi mmoja tu ukikatika, pamba itanasa hapo ingawa jicho halioni kitu. Waya wa namna hiyo hausafirishwi, unabadilishwa. Vipimo vya upepo, antena na taa ya kileleni vifungue usafiri navyo mwenyewe mkononi. Nyaya zifungwe zisipigepige, na mlingoti uviringishwe zulia kila unapopita mkanda, hasa ukiwa wa kaboni, maana mkanda uliokazwa moja kwa moja juu ya kaboni huujeruhi.

Napenda vitu hivi vifunguliwe na mtu yuleyule atakayekuwa ndani ya mashua. Aliyechomoa pini kwa mkono wake ataijua pini iliyokosekana, hata usiku.

Sasa safari. Pima mashua wewe mwenyewe ikiwa juu ya trela, kuanzia ardhini mpaka kitu cha juu kabisa. Usitegemee namba za kwenye karatasi za mauzo. Katika nchi nyingi za Ulaya, mzigo ukizidi upana wa mita 2.55 au urefu wa kwenda juu wa mita 4 unahitaji kibali maalumu, na mashua ya futi 40 ya kisasa hukaribia upana wa mita 4. Anza kuomba vibali mapema. Uzito wote ukae juu ya mkuku. Nguzo za pembeni kazi yake ni kuzuia mashua isilale, na ziguse pale penye kuta za ndani. Mashua ndogo huingia kwenye kontena ikiwa imeinamishwa, lakini upana wa ndani ni takriban mita 2.35, na mlango ni mwembamba kidogo kuliko hapo. Fremu ikiwa ya mbao, mbao ziwe na muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu kwenye mbao za mizigo, la sivyo forodha zinaweza kuuzuia mzigo wote.

Fataki za kuomba msaada, chelezo cha uokozi na betri za lithiamu huhesabiwa kuwa mizigo ya hatari. Vitangaze, au ukavinunue au kuvikodi huko huko. Kama nchi husika zinakubali hati ya ATA, ile ya forodha ya kuingiza mali kwa muda bila ushuru, orodhesha kila tanga na kila kifaa chenye namba yake, maana afisa atalinganisha wakati wa kuingia na wa kutoka.

Mashua ikifika, izunguke na upige picha kabla dereva hajaondoka, na kila mkwaruzo uandikwe kwenye karatasi yake. Jipe wiki mbili kabla ya mbio. Rekebisha upya dira na usukani wa kujiendesha, kwa kuwa vyuma vilivyohamishwa huipotosha dira. Soma Kanuni Maalumu za Bahari Kuu za World Sailing, shirikisho la dunia la michezo ya matanga, kwa daraja la mbio zako. Mbio ndefu za mbali na pwani mara nyingi huwa daraja la 1. Wakaguzi huangalia vitu vidogo: ndoo mbili imara, kila moja ya lita 9 au zaidi, zenye kamba, na kizibo cha mbao laini kando ya kila tundu la kiwiliwili. Kisambaza ishara za dharura cha 406 MHz kisajiliwe kwa jina la mashua hiyo na simu za watu wa nchi kavu watakaopokea. Fanyeni pia zoezi la kuendesha mashua bila usukani, kwa vifaa mlivyonavyo.

Kisha irudishe baharini kwa saa chache, na mkirudi gatini panda mlingoti. Nyaya zitakuwa zimelegea kidogo. Kaza mpaka vipimo vya daftarini, rudisha pini zote, na uzifunike tepu zisichane matanga.