Bakuli la urushi usilianike juani

Jamani kama una bakuli au trei ya Kijapani, zile nyeusi au nyekundu zinazong'aa, ukishaosha usianike juani. Ile si rangi ya dukani, ni urushi, utomvu wa mti unaogemwa halafu unapakwa tabaka juu ya tabaka kwenye mbao, na adui yake mkubwa ni jua, linaufubaza taratibu mpaka mng'ao wote unaisha. Osha na maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, sponji laini, usiloweke, futa na kitambaa hapohapo. Maikrowevu na mashine ya kuoshea vyombo sahau kabisa. Halafu kitu wengi hawajui, urushi hauogopi unyevu hewani, tena mafundi wa kule Wajima, Japani, wanaukaushia ndani ya kabati lenye unyevunyevu maana bila hivyo haugandi, kwa hiyo kama unakaa sehemu kavu sana au AC inawaka muda wote we weka kikombe cha maji kwenye kabati unamotunzia vyombo hivyo mbao zisije zikapasuka. Na chakula kula humo bila wasiwasi, utomvu mbichi ndo unawasha ngozi vibaya mno, ukishakauka vizuri hauna neno. Supu ya moto tia, ila maji yanayochemka hapana.