Kabla ya Kubandika Lebo ya Kwanza: Maandalizi ya Kufuatilia Vipepeo Wahamaji

Kipepeo aina ya monaki ana uzito wa nusu gramu hivi. Hata hivyo, wapo monaki wanaoondoka kusini mwa Kanada na kufika kwenye milima ya katikati mwa Meksiko, safari inayoweza kuzidi kilomita 4,000. Watu wengi wanaovutiwa kumfuatilia hukimbilia kutafuta wavu. Mimi nawashauri waanze na daftari. Lebo, yaani kibandiko kidogo chenye namba, ikibandikwa bawani bila namba hiyo, tarehe na mahali kuandikwa sawasawa daftarini, kipepeo amebebeshwa mzigo wa bure, na hata lebo hiyo ikiokotwa mbali hakuna atakachojifunza mtu.

Historia yenyewe inathibitisha hivyo. Fred na Norah Urquhart wa Kanada walihangaika kwa miongo kadhaa kutafuta wanakokwenda monaki wakati wa baridi. Lebo zao za mwanzo zilibanduka zikilowa mvua, wakalazimika kubuni nyingine. Mwanzoni mwa Januari 1975, Ken Brugger na Catalina Aguado, waliokuwa wakisaidia utafutaji huo nchini Meksiko, waliwakuta vipepeo wamefunika miti ya mlima Cerro Pelón, jimboni Michoacán. Mwaka uliofuata Fred mwenyewe alifika katika misitu ya eneo hilo na kumwona kipepeo mwenye lebo iliyobandikwa Minnesota, Marekani. Namba ile ndogo ilikuwa na maana kwa sababu huko Minnesota kulikuwa na mtu aliyeiandika.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujiuliza unataka kujua nini. Lebo hukuambia kipepeo alianzia wapi na ameonekana wapi. Njia aliyopita katikati haikuambii. Tena hufaa kwa mdudu anayeishi muda wa kutosha kufika mbali. Monaki wa mwisho wa kiangazi hufaa sana, kwa kuwa huahirisha kuzaa na huweza kuishi miezi minane, ilhali wazazi wake waliishi wiki chache tu. Kwa kipepeo mwingine mhamaji, Vanessa cardui, hali ni tofauti. Mzunguko wake kati ya Ulaya na Afrika kusini mwa Sahara unaweza kufika kilomita 15,000 hivi, lakini hukamilishwa na vizazi kadhaa vinavyopokezana, kwa hiyo hakuna lebo moja itakayouonyesha wote. Kwake wanasayansi hutumia vipimo vya maabara. Mwaka 2013 vipepeo hao walikutwa ufukweni French Guiana, Amerika ya Kusini, mahali wasikotarajiwa kabisa. Chavua iliyonata miilini mwao na kemikali za mabawa yao, pamoja na mwelekeo wa upepo, zilisaidia kuonyesha kwamba walivuka Atlantiki kutoka Afrika Magharibi, zaidi ya kilomita 4,000 za maji matupu. Matokeo hayo yalichapishwa 2024, na kwangu mimi ni miongoni mwa habari za kusisimua zaidi katika elimu ya wadudu.

Siku hizi vipo pia vifaa vya redio vya gramu 0.06 vinavyotumia nguvu ya jua, na monaki wameshafuatiliwa navyo. Bado ni kazi ya watafiti wenye vibali na fedha. Mtu wa kawaida ana lebo, kalamu ya wino usiofutika kama wanavyofanya Wajapani kwa kipepeo wao mhamaji, Parantica sita, au macho yake na daftari. Usidharau kalamu: kipepeo mmoja aliyeandikwa bawani Wakayama, Japani, alikamatwa Hong Kong mwaka 2011, takriban kilomita 2,500 kutoka alikoachiliwa, siku 83 baadaye.

Ukishaamua, jiunge na mradi uliokwisha kuanzishwa. Lebo za kujitengenezea nyumbani huleta vurugu, maana anayeiokota hajui ampelekee nani. Kwa monaki wa mashariki mwa Amerika ya Kaskazini, mradi unaojulikana zaidi ni Monarch Watch wa Chuo Kikuu cha Kansas, ulioanza 1992. Uliza mapema kuhusu vibali pia. Sheria hazifanani: California, kwa mfano, kumshika monaki wa porini kunahitaji kibali cha jimbo.

Msimu nao hausubiri. Minnesota wimbi kubwa hupita mwishoni mwa Agosti na wiki za mwanzo za Septemba, Kansas ni katikati hadi mwisho wa Septemba, na Texas ni Oktoba. Ukiagiza lebo baada ya kuwaona wanapita, zitakufikia wameshaondoka.

Jifunze kumtambua kabla hujamshika. Huko Amerika ya Kaskazini kuna kipepeo Limenitis archippus anayefanana mno na monaki, ila ana mstari mweusi unaokata mishipa ya bawa la nyuma. Monaki dume ana doa jeusi juu ya mshipa mmoja wa kila bawa la nyuma, na jike hana. Jinsia huandikwa, kama inavyoandikwa iwapo kipepeo ni wa porini au amefugwa, kwani waliokuzwa ndani wakati mwingine hushindwa kushika mwelekeo wa kusini.

Sasa mikono. Hapa ndipo ningependa mtu afanye mazoezi ya kutosha. Ioshwe na ikauke, isiwe na mafuta wala dawa ya mbu. Kipepeo akiwa wavuni, subiri akunje mabawa, kisha mshike mabawa yote manne yakiwa yamefungwa, kwa vidole viwili, karibu na kiwiliwili. Mabawa yamefunikwa na magamba madogo kama unga, na vidole vinavyosuguasugua huyang'oa. Lebo ya monaki ni kiduara cha milimita 9. Hukaa upande wa nje wa bawa la nyuma, kwenye chumba kikubwa kilichozungukwa na mishipa, kwa sababu hapo ni karibu na kitovu cha uzito na haimyumbishi akiruka. Ishike lebo kwa kijiti, usiguse gundi, iweke, kisha ibane kwa upole kwa sekunde chache. Soma namba yake na kuiandika kabla ya kumwachilia. Ukingoja umwachilie kwanza, utakuwa unaandika kwa kukumbuka.

Siku ya baridi mwache. Chini ya nyuzi 13 hivi misuli yake haina joto la kumrusha, na ukimwachia chini anabaki mawindo ya ndege na sisimizi. Kipepeo aliyechanika mabawa naye mwache. Wavu uoshwe na kukaushwa mara kwa mara, kwa kuwa kipo kimelea cha seli moja, Ophryocystis elektroscirrha, ambacho chembe zake huhama kutoka mwili mmoja hadi mwingine kwa kugusana.

Katika daftari kila mstari uwe na namba ya lebo, tarehe, mahali pamoja na latitudo na longitudo, jinsia, na hali ya hewa. Andika pia siku ulizokaa saa nzima usione hata mmoja. Watu huziacha, kumbe ndizo zinazoonyesha wimbi lilianza lini na likaisha lini. Piga picha kila ukurasa jioni ileile, na orodha itume mradini msimu unapoisha hata kama ina mistari michache.

Jiandae pia kukosa jibu. Katika kila lebo mia zinazobandikwa kwa monaki, hupatikana tena moja hivi. Na ukikutana na kipepeo mwenye lebo ya mtu mwingine, usiibandue: mpige picha namba ikisomeka, andika mahali na saa, mwache aendelee, kisha peleka taarifa kwenye anwani iliyoandikwa kwenye lebo.